Jicho la Mama Lina Kamati

Alhamisi jioni, mwezi wa kumi, 2009. Uthiru. Mawingu tangu asubuhi na mvua haiji. Stima ilipotea mchana kwa ule mgao wao wa umeme, imerudi sasa hivi, na kabla haijapotea tena nataka niandike.

Nimekasirika.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na kitu kingine nitajipamba, na leo sina nguvu za kujipamba. Nimemkasirikia kaka yangu Macharia. Nimemkasirikia daktari wa macho kule Hurlingham. Nimelikasirikia kanisa letu lote pamoja na kipaza sauti chake. Hata Mama nilikuwa nimemkasirikia mpaka leo mchana, na hilo nitaliandika taratibu, maana ni mama yangu na jicho ni lake.

Wacha nieleze vizuri, kwa wewe uliyefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza.

Mama anafuma sweta za shule. Mashine yake ya kufuma iko kwenye chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, na wazazi wa shule za hapa karibu wote wanamjua. Tangu akiwa msichana macho yake hayaoni mbali. Miwani yake ilikuwa mizito kama kitako cha chupa ya soda. Bila miwani hakuweza kukutambua ukiwa getini. Lakini karibu aliona mpaka unywele. Kitanzi cha uzi kikiponyoka kwenye sweta, aliisukuma miwani juu kwenye paji la uso, akaleta kitambaa kwenye pua, akakiokota. Hivyo ndivyo tulivyomjua sisi watoto wake, mwanamke mwenye miwani kwenye paji la uso na sweta ya kijani puani.

Halafu akapata mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Kwanza alisema taa za nyumba zimekuwa chafu, akazipangusa. Kisha akasema ni miwani, akaipangusa. Akaendelea kupangusa kila kitu ndani ya nyumba mpaka siku aliyomwagia mgeni chai kwenye goti, ndipo akakubali kwamba tatizo ni macho.

Dawa ya mtoto wa jicho ni moja. Ile lenzi uliyozaliwa nayo, iliyoingia ukungu, inatolewa, na mahali pake inawekwa ya bandia. Mtu akikuambia hivyo unafikiri ni kama betri ya redio, ya zamani itoke, mpya iingie. Mimi nilifikiri hivyo, na nyumba nzima ilifikiri hivyo.

Basi Macharia akaunda kamati.

Macharia ni kifungua mimba wa Mama. Anafanya kazi benki mjini, anavaa suti hata Jumamosi, na tangu Baba afariki anajiona ndiye baba wa sisi sote. Aliita ndugu na jamaa kwa ujumbe wa simu: "Kamati ya Matibabu ya Mama, Jumapili baada ya ibada." Sicheki, ndivyo alivyoandika. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, naye ni yeye. Ilikuwa na katibu, naye ni shangazi. Ilikuwa na mtu wa kufungua kwa maombi na mwingine wa kufunga. Mama hakuwemo. Mama alikuwa jikoni anapika chai ya kamati.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi wa saba. Siku ya kuchagua lenzi mimi nilikuwa kazini, Westlands, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, kwa hiyo haya nimeyasikia kwa Mama mwenyewe, aliyeniambia huku anacheka kana kwamba yalimpata jirani. Daktari alimpima, akaandika, halafu akamwangalia Macharia na suti yake akamuuliza, "Angependa aone mbali au karibu?" Macharia akajibu bila kupumua, "Mbali, daktari. Ameteseka na miwani maisha yake yote." Daktari akaandika mbali. Mama alikuwa ameketi katikati yao, mkoba mapajani.

Sitadanganya hapa. Siku alipofunguliwa jicho lile, Mama alisimama getini akaona vilima vya Ngong. Aliviona na vilele vyake vyote. Akaanza kusoma vibao vya maduka ng'ambo ya barabara kwa sauti, butchery, kinyozi, dawa za mifugo, mpaka wapita njia wakageuka. Nililia pale getini. Lenzi ile ilifanya kazi yake, na daktari yule mikono yake ni mizuri, hilo nampa.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Macharia ni mzee wa kanisa. Wakati wa shuhuda alisimama, akamshika Mama mkono, akampeleka mbele. Mama alikuwa na miwani yake ya zamani ndani ya mkoba, maana hajazoea kutoka nyumbani bila nayo. Macharia akaeleza jinsi familia ilivyofunga na kuomba, jinsi mikono ya daktari ilivyoongozwa, halafu akamwambia Mama atoe miwani ampe mchungaji. Mchungaji akaiinua juu. Akasema mama huyu hatavaa miwani tena, kwa jina la Yesu. Watu wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele, kinanda kikaingia. Na Mama, ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo mbele za watu tangu nimjue, akasema Amen.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikipiga makofi kama wengine. Nilidhani miwani imeisha kweli.

Kisha akarudi kwenye mashine yake.

Nilimkuta jioni moja amekaa, sweta mkononi, anafanya ile kazi yake ya zamani. Ameleta kitambaa puani. Anaangalia. Anakisogeza nyuma kidogo, anaangalia. Anakileta puani tena. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Naona ukungu wa kijani." Jicho lililosoma vibao vya ng'ambo ya barabara halikuona kitanzi kilichokuwa mbele ya pua. Uwezo ule wa karibu aliokuwa nao maisha yake yote, ambao hata hakujua kuwa ni uwezo, ulitolewa pamoja na ule ukungu. Hakuna aliyemwambia kwamba utaondoka. Kamati haikujua, na daktari alidhani kamati inajua.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Saa ya chakula, wenzangu wakienda kula, mimi nilibaki kwenye kompyuta ya ofisi nikisoma habari za lenzi za macho, mpaka mkubwa wangu akaniuliza kama nimeamua kusomea udaktari. Na nikajua mambo ambayo mtu yeyote angetuambia kama tungeuliza.

Kuna lenzi ngumu na lenzi laini. Ile ngumu ndiyo ya zamani. Haikunjwi, kwa hiyo jicho linapasuliwa sehemu kubwa zaidi na mara nyingi linashonwa. Ile laini inakunjwa kama chapati, inapitishwa kwenye tundu dogo, ikifika ndani inajikunjua yenyewe. Mama alipewa laini. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi uko kwenye umbali. Lenzi tuliyozaliwa nayo inajikaza na kulegea, ndiyo maana kijana anaangalia kitabu, anaangalia mlima, anarudi kwenye kitabu, bila kufikiri. Ile ya kiwandani haijui hayo. Ile ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja. Ukichagua mbali, kusoma utavaa miwani. Ukichagua karibu, miwani ni ya kutembea. Halafu kuna ile nyingine, mpya huku kwetu, ina duara ndani ya duara, inagawa mwanga, sehemu kwa ajili ya mbali na sehemu kwa ajili ya karibu. Wanaoiuza wanakuambia utaitupa miwani. Waliowekewa, wengine wanashukuru sana. Wengine wanasema kila taa ya barabarani usiku ina pete, na kwenye mwanga hafifu vitu vinafifia kuliko walivyotarajia.

Nilitafuta iliyo bora nikaikosa. Kuna inayomfaa huyu na isiyomfaa yule, na ili ujue ni ipi, lazima kwanza umuulize mtu kutwa nzima anafanya nini na macho yake.

Mama hakuulizwa.

Sasa, kwa jicho lile la kulia haikuwa msiba. Miwani ya kusomea ingemaliza mambo. Daktari mwenyewe alimwandikia, nikamnunulia, fremu nyepesi ya kahawia, inampendeza. Mama akaijaribu mbele ya kioo, akaona kitanzi, akafurahi, akaivua na kuificha chini ya mto.

Nikamwambia avae akiwa kwenye mashine. Akasema hapana, chumba kinatazama barabara, akina mama wa kanisa wanapita, wanaingia kuchukua sweta. "Watasema nilidanganya madhabahuni."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Amekuwa akifuma kwa kukisia mchana kutwa, halafu anabeba sweta mpaka chumba cha kulala, anafunga mlango, anavaa miwani, anarekebisha makosa. Mwanamke mzima, mjane, mwenye nyumba yake, anajifungia chumbani kuvaa miwani kama mwanafunzi anayevuta sigara chooni. Juzi mzazi mmoja alirudisha sweta yenye tundu kwapani. Mama akamwomba radhi, akacheka, akasema ni uzee. Nilikuwepo. Nilitamani kutoka nimfuate yule mzazi nimwambie si uzee, ni ushuhuda.

Na ukimuuliza Mama, yuko sawa. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Niko sawa, Wambui. Mungu ni mwema, Wambui. Wewe mbona una hasira hivyo, utapata presha. Unaenda kumtetea mtu na mtu mwenyewe anakumiminia uji.

Limebaki jicho la kushoto. Upasuaji ni Jumanne ijayo. Jicho la kwanza limeshapita, lenzi ile haitolewi hivi hivi, daktari alisema kurudi ndani ni hatari kuliko kuingia mara ya kwanza. Kwa hiyo hili la kushoto ndilo nafasi yake ya mwisho ya kupata anachotaka kuona. Likienda vibaya, basi ndivyo atakavyokaa mpaka azeeke.

Na Macharia alikuwa na mpango. Alinipigia simu wiki iliyopita, sauti ya mwenyekiti. Ameshasikia kuhusu lenzi ya duara. Kamati imekubaliana, Mama atawekewa hiyo, yeye mwenyewe atagharamia, na mambo yatanyooka. Nikamuuliza mambo gani. Akazungukazunguka, akasema, unajua watu wanaongea. Mke wa mchungaji alimwona Mama amekiweka kitabu cha nyimbo mbali kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Sasa Mama akiwekewa lenzi ya umbali wote, hatahitaji miwani, na ule ushuhuda utakuwa kweli.

Nilimwambia arudie ili nihakikishe nimesikia vizuri. Kaka yangu anataka kuchagua lenzi ya jicho la mama yetu ili maneno aliyosema kwenye kipaza sauti yasimwaibishe. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia shida yangu ni kukosa imani. Nikamwambia shida yangu ni kwamba nimesoma. Akakata simu. Baadaye nikasikia mchungaji ameshaambiwa ajiandae kwa ibada ya shukrani ya pili.

Leo basi ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua, na leo niliomba ruhusa kazini. Niliapa kwamba hata kama nitabebwa na askari wa getini, lazima niwe ndani ya chumba kile.

Macharia alitupeleka na gari lake. Kliniki iko ghorofa ya kwanza, ina kapeti na samaki wa mapambo, na chumba cha daktari kina meza kubwa na juu ya meza kuna jicho la plastiki, kubwa kama chungwa, linalofunguka ukaona vilivyo ndani. Daktari ni kijana kiasi, mpole, na kwa kweli alimpima Mama kwa uangalifu. Alimwekea dawa ya kupanua mboni, akasubiri, akaangalia nyuma ya jicho kwa muda mrefu.

Halafu akatueleza. Akafungua lile jicho la plastiki akatuonyesha pazia la nyuma, lile linalopokea picha. Kwa mtu ambaye hakuwa anaona mbali kwa miaka mingi kama Mama, alisema, jicho linakuwa refu na pazia linavutika na kuwa jembamba. La Mama lina sehemu zilizochoka. Lenzi inayogawa mwanga itampa pazia hilo mwanga pungufu. Yeye hashauri.

Nilitaka kumkumbatia.

Macharia akakohoa. "Lakini daktari, inawezekana kuwekwa?"

"Kuwekwa inawezekana. Swali ni kama itamfaa."

"Tukiomba, na tukilipia?"

Daktari akaweka kalamu chini. Niliona amechoka, pengine ana watu wengi nje. Akamwangalia Macharia, si Mama, akasema, "Sawa. Kwa hiyo mmeamua nini?"

Mmeamua. Nyinyi. Na mwenye jicho ameketi hapo, mboni imepanuka mpaka jicho limekuwa jeusi lote, mkoba mapajani kama mwezi wa saba.

Nilipiga meza. Sikukusudia kuipiga kwa nguvu ile, lakini jicho la plastiki liliruka, likaanguka, likabingiria mpaka chini ya kitanda cha wagonjwa. Nikasema maneno mengi. Nilisema hii si benki. Nilisema mama huyu anafuma, ameishi kwa kuona kitanzi cha uzi, na nyinyi mlimnyang'anya uwezo wake wa kuona karibu bila hata kumuuliza kama anauhitaji. Nilisema la kushoto liwekwe la karibu ili apate kufuma, aone sweta yake, arudi kwenye mashine yake na mlango ukiwa wazi. Nilieleza mpaka mambo ya miwani chini ya mto. Nilisema sweta mara nyingi sana. Macharia alikuwa anasema, "Wambui, heshima. Wambui, uko mbele za watu." Nikamwambia heshima ampe mwenye jicho.

Daktari alikuwa amepiga magoti anatafuta jicho lake chini ya kitanda.

"Mmemaliza?" Mama akauliza.

Hakupaza sauti. Alisubiri daktari akae. Halafu akaondoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni, na akainua mikono yake. Mkono mmoja akaukunja mbele ya kifua, mwingine akauweka chini yake, kama mtu aliyepakata kitu. Akainamisha kichwa akaangalia katikati ya mikono ile.

"Daktari, mtu akikaa hivi, ni lenzi gani inaona hapa?"

Daktari alimwangalia. Akasogeza kiti chake. Akanyoosha kiganja kutoka kwenye shavu la Mama mpaka kwenye mkono wake, akapima kwa vidole, mara moja, mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba akazungumza naye. "Hapo ni nini, mama?"

"Ni mtoto."

Macharia alipata mtoto wa kiume mwezi wa nane, wa kwanza. Kwa desturi yetu akapewa jina la baba yetu, Gitau, na kwa hiyo Mama humwita mume wake. Mzee wangu amelala? Mzee wangu amekula? Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyotania. Mke wa Macharia amerudi kazini mapema, na mtoto analetwa kwetu kila asubuhi, anashinda mikononi mwa Mama.

"Kila anayeingia ananiambia amefanana na baba yao," Mama akamwambia daktari. "Pua ni yake, masikio ni yake, hata kukunja uso. Mimi sijaona. Nikimbeba namwona kama unga uliokandwa. Nikimweka kitandani mbali kidogo nimwone, analia anataka kubebwa. Nikivaa miwani, anarusha mikono na kuiangusha. Hii jicho ingine nataka inionyeshe hapo tu."

Niliogopa kumwangalia Macharia, halafu nikamwangalia. Alikuwa ameshika tai yake kama imembana.

Daktari akaanza kueleza, na safari hii alieleza kwa Mama, polepole, akisubiri aitikie. La kushoto litawekwa la karibu, la kulia linabaki la mbali. Kichwa kitajifunza kutumia moja kwa hili na lingine kwa lile. Wengine inawasumbua, wanaona kama wamekanyaga pasipo sawa, hasa kwenye ngazi, lakini wengi huzoea. Kwa kazi ndogo sana, kama vitanzi, au kusoma kwa muda mrefu, huenda bado atataka miwani.

"Nitavaa," Mama akasema.

"Na kanisani?" Macharia aliuliza. Hata sauti ya mwenyekiti ilikuwa imemtoka, ilikuwa sauti ya mtoto anayeulizia viboko.

Mama akaokota mkoba wake. "Ule ushuhuda ulikuwa wako, Macharia. Mimi nilisema Amen tu. Jumapili utasimama uwaambie vile daktari amesema, na miwani yangu ya zamani utaniletea kutoka kwa mchungaji, ile fremu bado ni nzuri."

Tulirudi kwa gari lile lile. Jamu ilituweka Westlands muda mrefu, magari yamesimama, dereva wa mbele yetu ametoka nje anakula mahindi ya kuchoma. Macharia alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa hatuendi popote. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Kumbe humwoni."

"Namwona," Mama akasema. "Uso ndio siuoni."

Nikafikiri, sasa ndiyo saa yangu. Nilikuwa na maneno nimeyaweka tangu mwezi wa saba, makali, yamepangwa vizuri. Nilifungua mdomo. Na Mama, aliyekaa kiti cha mbele, akageuka akanitazama kwa yale macho yake yaliyopanuka kwa dawa.

"Na wewe," akasema. "Sweta, sweta, sweta. Ni nani amekuambia nataka kuona sweta? Nimeziona miaka yote hiyo."

Nilifunga mdomo. Sikuufungua tena mpaka tukafika Uthiru.

Nimekaa hapa tangu hapo natafuta mtu wa kumkasirikia, kwa sababu hasira bado ninayo, imejaa tele. Macharia anastahili, na Jumapili nitakuwa kiti cha mbele kuhakikisha amesimama. Daktari anastahili kidogo. Lakini kila nikiipanga kamati ile upya kichwani, mwenyekiti, katibu, wa kufungua na wa kufunga, naona kuna kiti kingine pale mezani, na aliyekikalia ni mimi, na makaratasi niliyochapisha ofisini. Nilisoma kila lenzi iliyoko duniani. Nilijua ngumu na laini, ya mbali na ya karibu na ya duara. Mtoto yule nimemkuta mikononi mwa Mama kila jioni nikirudi kazini, na sikuwahi kumuuliza anamwonaje.

Sasa hivi nawasikia kule jikoni. Gitau, aliyebaki na shangazi tulipokuwa kliniki, hajachukuliwa bado, baba yake alirudi benki na mama yake amechelewa. Mama anamwambia mzee wake apunguze kelele, watu wamechoka.

Jumanne asubuhi tunarudi Hurlingham. Nitambebea Mama mkoba. Na mtu yeyote ndani ya chumba kile akiuliza swali, nitauma ulimi wangu, ajibu mwenye jicho.